Norton Alishinda: Kumpima Muhammad Ali kwa Haki

Usiku wa tarehe 28 Septemba 1976, katika uwanja wa Yankee jijini New York, Muhammad Ali alitangazwa mshindi dhidi ya Ken Norton baada ya raundi 15, na Norton akashuka ulingoni akilia. Niseme waziwazi tangu mwanzo: Norton alishinda pigano lile. Na niseme vilevile, bila kusitasita, kwamba Ali ndiye bondia mkubwa kuliko wote waliowahi kushika mkanda wa uzani wa juu. Wapo watakaoona kauli hizi mbili zinagongana, kwamba ukikubali moja huna budi kuitupa ya pili. Mimi naona anayeshindwa kuzibeba zote mbili kwa pamoja hajamfahamu Ali, wala hajaufahamu mchezo wenyewe wa ndondi. Kadi za majaji zinaamua nani aondoke na mkanda usiku ule. Ubora wa bondia ni hesabu nyingine: alifanya nini, alimfanyia nani, na huyo aliyefanyiwa alikuwa katika hali gani.

Hapa Rhamu, kwenye ukingo wa Mto Daua, ng'ambo yake Ethiopia, jina la Ali halihitaji kutambulishwa kwa mtu. Alizaliwa mwaka 1942 mjini Louisville, Marekani, akiitwa Cassius Clay. Mara tu baada ya kumpiga Sonny Liston mnamo Februari 1964 alitangaza Uislamu wake na kubadili jina. Mwaka 1967 akakataa kuingizwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akanyang'anywa ubingwa, akafungiwa milango ya ulingo kwa zaidi ya miaka mitatu. Kaskazini Mashariki mwa Kenya, eneo la Waislamu ambalo lenyewe linaujua uzito wa mkono wa serikali, hakuna haja ya kueleza kwa nini mtu wa namna hiyo anahesabiwa kuwa ndugu. Lakini mapenzi yetu kwake yana kasoro moja. Ali tunayemjua wengi wetu ni Ali wa vipande vya video kwenye simu: Liston chali miguuni pake, George Foreman akizunguka na kuanguka Kinshasa, miguu ikicheza mbele ya Cleveland Williams kama haigusi sakafu. Hakuna anayemtumia mwenzake raundi ya sita ya pigano la Ali na Jimmy Young. Kipande cha video kinaonyesha tokeo, na pigano lenye utata halina tokeo la kuonyesha. Utata unakaa katika zile dakika za katikati ambazo hazina mtu aliyeanguka, na ndizo zinazokatwa na kutupwa. Anayetaka kuhukumu kwa haki atazame pigano zima, azime sauti ili mtangazaji asimtangulie kwa maoni yake, ashike karatasi na kalamu, na aandike mshindi wa kila raundi kabla ya kengele ya raundi inayofuata. Kazi hiyo inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Kuandika raundi kuna kanuni zake. Raundi ni dakika 3, na ndani yake jaji anaangalia makonde safi yaliyofika mahali pake, mashambulizi yenye matokeo (maana kusonga mbele huku unapigwa si shambulizi), ni nani anayeongoza mwendo wa pigano ulingoni, na nani anajikinga vizuri. La kwanza ndilo zito kuliko mengine. Siku hizi mshindi wa raundi hupewa pointi 10 na mwenzake 9 au pungufu. New York mwaka 1976 hesabu ilikuwa nyepesi zaidi: kila raundi aliandikiwa aliyeishinda, refa naye akiwa na kadi yake pamoja na majaji wawili, na mwenye raundi nyingi ndiye mshindi. Katika mfumo huu kila raundi inaanza upya. Ukiishinda raundi ya tatu kwa kumtesa mwenzako na ukaipoteza ya nne kwa konde moja, mko sawa, raundi moja kwa moja. Kwa hiyo bondia aliyefikisha makonde mengi kwa jumla anaweza kupoteza pigano bila mtu yeyote kuiba kitu.

Watu wa huku wanaijua maslaha. Wazee hukaa, husikiliza pande zote mbili, hukumbuka yaliyopita kati ya koo hizo, hupima yatakayokuja, kisha hutafuta neno litakaloziwezesha pande zote kurudi nyumbani kwa amani. Jaji wa ndondi amekatazwa yote hayo. Haruhusiwi kufidia raundi ya nane katika raundi ya tisa, wala kumpa mtu kitu kwa sababu alidhulumiwa mwaka uliopita, wala kuuliza mji utafanya nini matokeo yakitangazwa. Kazi yake ni dakika tatu zile tu. Mtazamaji naye akitaka kuwa mkweli ajifunge kamba hiyo hiyo, na hapo ndipo wapenzi wa Ali wanapoanza kupata taabu.

Norton alikuwa na mtindo uliomsumbua Ali kuliko bondia mwingine yeyote. Aliikunja mikono mbele ya kifua na uso kama iliyopishana, akaburuta mguu wa nyuma, na akarusha ngumi yake ya kushoto wakati ule ule Ali aliporusha ya kwake, kama alivyofundishwa na mkufunzi Eddie Futch. Ali aliyewazoea watu wanaorudi nyuma mbele ya mkono wake wa kushoto hapa alikuta ngumi mbili zikikutana njiani, na mara nyingi ya Norton ndiyo iliyofika. Machi 1973 huko San Diego Norton alimvunja taya na kushinda. Septemba mwaka huohuo huko Inglewood, California, Ali akalipiza kwa tofauti ndogo. Katika mapigano yote mawili majaji waligawanyika. La tatu ndilo la Yankee Stadium, na mkanda ulikuwa mezani. Ali hakucheza miguu yake ya zamani ila kwa vipindi vifupi. Raundi nyingi alisimama na nyayo zake zote mbili chini, akipokea ngumi za mwili kwenye kamba na kujibu kwa mfululizo wa makonde mepesi yenye kupendeza macho ambayo mengi yaliishia kwenye mikono na glovu za Norton. Baada ya raundi 14, kadi za majaji wawili zilikuwa sawa, 7 kwa 7, na ya refa Arthur Mercante ilimpa Ali raundi moja ya ziada. Kwenye kona yake Norton aliambiwa kwamba pigano amekwisha kulishinda, ajihadhari tu. Akaitumia sehemu kubwa ya raundi ya 15 kujihadhari, akaamka mwishoni kabisa. Wote watatu walimwandikia Ali raundi ile: 8 kwa 7, 8 kwa 7, na 8 kwa 6 moja ikiwa sare.

Kosa halikuwa katika raundi ya 15. Ile ilikuwa ya Ali kweli, na kona ya Norton inastahili lawama kwa ushauri wake. Kosa lilikuwa katika raundi kadhaa za kabla yake, ambamo ngumi zilizoonekana za Ali zilihesabiwa kuwa sawa na ngumi zilizofika za Norton. Tazama mwili wa Ali badala ya mikono yake. Tazama jinsi anavyokunja kiwiko kulinda mbavu kila mara Norton anapoingia, na jinsi Norton asivyobadilisha mwendo wake hata kidogo Ali anaporusha makonde sita ya haraka. Bondia anayeumizwa hubadilika, na kwa raundi nyingi za usiku ule aliyelazimika kubadilika alikuwa bingwa. Waandishi wengi wa habari waliokaa kando ya ulingo waliona hivyo, na Ali mwenyewe alikiri baadaye kwamba mtindo wa Norton ulimshinda.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wapenzi wa ndondi wenyewe, nalo ni kongwe: bingwa hapokonywi mkanda kwa raundi moja, anayeutaka na aje auchukue waziwazi. Watu wanalisema kana kwamba limeandikwa mahali, lakini halimo katika kanuni yoyote. Kanuni inataka mshindi wa kila raundi atajwe kwa kilichofanyika ndani ya raundi hiyo, na raundi haina habari nani alikuja na mkanda. Ukimtaka mpinzani ashinde kwa wazi huku bingwa akitosheka na kukaribiana, umempa bingwa raundi mbili au tatu kabla ya kengele ya kwanza. Mkanda wa namna hiyo unakuwa mali ya mwenye jina. Na ajabu ni kwamba Ali mwenyewe hakuwahi kufaidi upendeleo huo alipokuwa yeye ndiye mpinzani: alimfanya Liston akatae kuinuka kitini mwaka 1964, kisha akamwangusha Foreman. Mikanda ile aliichukua bila kumwachia jaji neno la kusema.

Lingine ni la huruma. Mwaka 1976 Ali alikuwa na umri wa miaka 34, amechoka, amebeba mwilini mwake mapigano matatu dhidi ya Joe Frazier. Je, ni haki kumpima kwa kipimo cha Norton aliyekuwa katika nguvu zake? Kama swali ni nani mkubwa kati yao katika historia, huruma hiyo ina nafasi yake, na nitaitumia mwenyewe hapa chini. Lakini uchovu ni sababu ya kushindwa, hauwezi kugeuka kuwa sababu ya kupewa ushindi. Ali wa mwaka 1967 pengine angemzunguka Norton kama mtoto. Huyo hakuwepo Yankee Stadium.

Miezi mitano kabla, tarehe 30 Aprili 1976 huko Landover, Maryland, kulikuwa na kisa kingine ambacho hutajwa katika orodha moja na hiki, na nadhani kinawekwa humo kwa haraka mno. Ali aliingia na pauni 230, uzito ambao hakuwahi kupigana nao kabla ya siku ile, akikutana na Jimmy Young, bondia mjanja asiyependa kushambulia. Young alimfanya aonekane mzee, akiteleza kando na kumgusa kwa ngumi za kujibu. Lakini Young alikuwa na tabia moja iliyomponza: Ali alipomkaribia, alitoa kichwa na mabega nje ya kamba ili refa alazimike kusimamisha pigano. Alifanya hivyo mara kwa mara, hadi refa akamhesabia. Kujitoa nje ya ulingo hakuhesabiwi kuwa ulinzi, maana ni kukataa kupigana, na raundi iliyokaribiana inaweza kabisa kupotea kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ushindi wa Ali pale naona unaweza kutetewa, ingawa kwa shida. Sare ingekuwa sawa, na aliyempa Young kwa raundi moja sina ugomvi naye. Kisichotetewa ni ukubwa wa tofauti. Majaji wawili kati ya watatu walimpa Ali pointi 7 zaidi, 72 kwa 65 na 71 kwa 64, huku wa tatu akiandika 70 kwa 68. Huyu wa tatu alitazama pigano. Wale wawili walitazama jina. Mtu anaweza kupata tokeo linalokubalika kutoka kwa kadi zisizokubalika, na mjadala wa mapigano ya Ali ungepungua nusu kama tofauti hiyo ingekumbukwa.

Yapo mengine yanayotajwa kuwa na utata. Pigano la Doug Jones la Machi 1963 katika ukumbi wa Madison Square Garden, lililowafanya watazamaji wazomee, lilikuwa la kukaribiana, na kijana Clay alistahili ushindi kwa kulimaliza vizuri zaidi. Kadi ya aliyempa raundi 8 ndiyo ya aibu. La Earnie Shavers mwaka 1977 halina utata wowote kwangu ingawa ngumi zilizopigwa usiku ule zilimgharimu Ali afya yake. Na la Lewiston, Maine, mnamo Mei 1965, ambapo Liston alianguka katika raundi ya kwanza kwa konde ambalo wengi hawakuliona, ni shauri la namna nyingine kabisa. Hakuna kadi ya kujadili. Konde lilifika, filamu inaonyesha. Refa Jersey Joe Walcott alipoteza hesabu akishughulika na Ali aliyekuwa akimpigia Liston kelele ainuke, akaambiwa kutoka kando ya ulingo na Nat Fleischer, mhariri wa jarida la The Ring, kwamba muda umepita. Kama Liston angeweza kuinuka na hakutaka, siri hiyo alikwenda nayo. Mimi silihesabu pigano lile upande wa sifa wala upande wa lawama, na picha yake mashuhuri, ile ambayo vijana wameibandika kila mahali, inatufundisha machache kuliko picha yoyote nyingine ya Ali.

Sasa upande wa pili, ambao ndio mgumu zaidi. Ukiwauliza wajuzi Ali alipigana vizuri zaidi lini, wengi watataja tarehe 14 Novemba 1966, Houston, dhidi ya Cleveland Williams. Mbele ya watu zaidi ya 35,000 Ali alirusha makonde kwa kasi ambayo mtu mkubwa hakuwahi kuonekana nayo, akirudi nyuma huku anapiga, akimwangusha Williams mara kwa mara hadi refa akasimamisha katika raundi ya tatu. Yeye mwenyewe aliguswa mara chache mno. Kwa umbo, ni kweli, hakuna kitu kizuri zaidi katika filamu za uzani huo. Lakini Williams alikuwa nani usiku ule? Miaka miwili kabla alikuwa amepigwa risasi na polisi wa barabarani huko Texas, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa na kupoteza figo moja. Aliyesimama mbele ya Ali alikuwa kivuli cha mtu aliyewatisha mabingwa miaka ya nyuma. Anayeliita pigano hilo kilele cha Ali anapima uzuri wa mwendo na kusahau kupima upinzani. Na kwa kipimo cha utu, lile la Ernie Terrell la Februari 1967, ambapo Ali alimburuta mpinzani raundi 15 akimuuliza jina lake ni nani kwa sababu Terrell alikuwa amekataa kumwita Ali, lilikuwa na ustadi mkubwa na ukatili mkubwa vilevile. Mtu aliyedharauliwa kwa jina lake la Kiislamu alikuwa na haki ya kukasirika. Kumwacha mwenzake na macho yaliyofumba ili adhabu isiishe mapema ni jambo lingine, na siliweki miongoni mwa mapigano yake bora.

Kilele ni Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. George Foreman alikuwa na miaka 25, hajawahi kushindwa katika mapigano 40, na 37 kati ya hayo aliyamaliza kwa kumwangusha au kumsimamisha mpinzani. Joe Frazier, aliyempiga Ali mwaka 1971, aliangushwa naye mara sita ndani ya raundi mbili. Norton, aliyemvunja Ali taya, naye hakuvuka raundi ya pili mbele yake. Hapa hakuna figo iliyopotea wala mzee aliyeokotwa: huyu ndiye mtu wa kutisha kuliko wote wa zama zile, katika ubora wake, na Ali ana miaka 32 na miguu ambayo miaka ya kufungiwa iliichukua sehemu yake. Pigano lilianza usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa kumi, ili watazamaji wa Marekani walione jioni kwao. Wengi wanakumbuka kamba tu, Ali ameegemea na Foreman anapiga mikono na mbavu mpaka achoke. Itazame raundi ya kwanza. Ali anampiga Foreman kwa mkono wa kulia moja kwa moja, bila kutanguliza wa kushoto, tena na tena. Kwa bondia anayesimama mkono wa kushoto mbele, ngumi hiyo ina safari ndefu, mpinzani ana muda wa kuiona, na ni hatari kuirusha dhidi ya mtu mwenye nguvu. Foreman hakuwa amefundishwa kuitarajia kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpigia. Ikamtia hasira, na hasira ndiyo iliyomfanya apige kwa nguvu zote tangu mapema. Katika raundi ya pili Ali akaenda kwenye kamba kwa hiari yake, akaacha mwili upigwe, akalinda kichwa, akamshika Foreman shingo walipokaribiana ili abebe uzito wake, na kila raundi ikikaribia kwisha akatoka na makonde machache makali. Kwenye kadi zote tatu alikuwa anaongoza kabla ya mwisho, jambo ambalo wanaosimulia habari ya kuegemea tu hawalitaji. Zikiwa zimebaki sekunde 2 raundi ya nane ikamilike, Foreman hakuweza kuinuka.

Ushindi huu nao una wapinzani. Imesemwa kwamba kamba zililegezwa makusudi. Imesemwa kwamba hesabu ya refa Zack Clayton ilikwenda haraka, na Foreman mwenyewe aliandika baadaye kwamba maji aliyopewa kabla ya pigano yalikuwa na ladha ya dawa. Kamba za Kinshasa zililegea kweli, katika joto na unyevunyevu wa pale, lakini zilikuwa kamba za wote wawili, na hakuna aliyemlazimisha Foreman kumfuata mwenzake huko na kupiga mikono iliyokunjwa raundi sita mfululizo. Hesabu ya refa inaweza kugombewa kwa sekunde moja. Uso wa Foreman wakati anainuka haugombewi. Na habari ya maji haina ushahidi zaidi ya ladha mdomoni mwa mtu aliyeshindwa, ambaye kwa heshima yake aliacha kuitegemea na baadaye akawa rafiki wa Ali.

Wapo watakaonipinga kwa Manila, tarehe 1 Oktoba 1975, na pingamizi lao nalithamini zaidi ya mengine. Raundi 14 za mateso dhidi ya Frazier, joto lisilovumilika, na mwisho Eddie Futch akamzuia Frazier asitoke kwa raundi ya 15 kwa kuwa macho yake hayakuona tena ngumi zikija. Kwa ujasiri Manila inaipita Kinshasa. Lakini ujasiri ule walikuwa nao wote wawili kwa kiasi sawa, na kwa akili ya ulingoni, kwa kuona tatizo ambalo hakuna mtu aliyelitatua na kulitatua hapo hapo huku unapigwa, Kinshasa haina mwenzake. Ndiyo maana nasema ukubwa wa Ali haukutegemea kadi za mwaka 1976. Ungeufuta ushindi dhidi ya Norton na dhidi ya Young, ukauandika kama hasara, Kinshasa isingepungua hata chembe.

Limebaki pingamizi linalouma zaidi huku kwetu: kwa nini tumvue nguo ndugu yetu, Mwislamu aliyesimama mbele ya dunia nzima, wakati maadui zake walitosha? Jibu la kwanza ni kwamba dini ile ile iliyompa jina inaamrisha ushahidi wa haki hata ukiwa dhidi ya jamaa zako. La pili liko karibu zaidi, katika historia ya ndondi za Kenya. Philip Waruinge wa Nakuru, aliyekuwa bingwa wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1966 na 1970 katika uzani wa feather, alifika nusu fainali ya Olimpiki jijini Mexico mwaka 1968 na kushindwa kwa kura 3 dhidi ya 2 na Antonio Roldán, bondia wa Mexico, mbele ya watu wake. Roldán akaondoka na dhahabu. Waruinge akapata shaba, pamoja na kombe la Val Barker analopewa bondia mwenye ustadi kuliko wote wa michezo hiyo. Yaani waliosimamia mashindano walikubali kwamba bondia bora wa uzani wowote alikuwa yule ambaye majaji wao hawakumwacha afike fainali. Miaka minne baadaye jijini Munich akafika fainali, na hapo tena kura 3 kwa 2 zikamwendea Boris Kuznetsov wa Muungano wa Sovieti. Kura moja Mexico na kura moja Munich. Akaenda Japani kupigana ndondi za kulipwa, na mwaka 1976, akiitwa Waruinge Nakayama, akapigania ubingwa wa dunia huko Panama na kushindwa. Mkenya anayeujua mwenendo huo hawezi kucheka Norton akilia. Na ikiwa mtu anadhani majaji wa upande wetu wa dunia wana macho tofauti, akumbuke Seoul mwaka 1988: Robert Wangila aliiletea Kenya dhahabu kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili, kabla kalamu ya jaji haijapata kazi, na katika michezo hiyo hiyo Roy Jones wa Marekani alinyimwa dhahabu dhidi ya Park Si-hun wa Korea Kusini kwa kura 3 kwa 2, mmoja wa wale watatu akiwa jaji kutoka Uganda. Jones naye akapewa kombe la Val Barker, kama Waruinge. Aibu ya Seoul ilichangia kuletwa kwa mashine za kuhesabu makonde katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, na mashine hizo nazo zikazaa malalamiko yao.

Tunapong'ang'ania kwamba Ali alishinda kila aliposemwa ameshinda, anayelipia ni yule wa kona ya pili. Norton aliendelea kupigana. Mwaka 1978 baraza la WBC lilimpokonya Leon Spinks mkanda kwa kuchagua kurudiana na Ali, likamkabidhi Norton ubingwa bila pigano jipya, na Juni mwaka huo Larry Holmes akamshinda kwa pointi moja katika raundi 15 ambazo majaji waligawanyika tena. Hivyo rekodi inasema Ken Norton hakuwahi kushinda pigano lolote la ubingwa wa dunia. Kwa lile la Yankee Stadium kadi yangu inampa Norton raundi 8 na Ali 7, na ya mwisho kati ya hizo 7 ni ile ya 15, ambayo naiacha kwa Ali kama majaji walivyoiacha.